Databesi ya duka la mtandaoni: usianze na jina, anza na oda

Kila siku kuna mtu anauliza "najenga duka la mtandaoni, nitumie databesi gani" na majibu huwa yaleyale, mmoja anasema weka MongoDB ndo ya kisasa, mwingine anasema PostgreSQL na habari iishe, wa tatu anakuja na jina ambalo hujawahi kulisikia anaapa ndo wanalotumia makampuni makubwa, afu we uliyeuliza unaondoka umevurugwa kuliko ulivyokuja. Wote wameanza na jina. Mi nasema acha majina kwanza, jiulize swali moja tu la kibishi: stoki imebaki kitu kimoja, wateja wawili wamebonyeza kulipia ndani ya sekunde ileile, nini kinatokea? Ukilijibu hilo vizuri umeshachagua aina ya databesi, yanayobaki ni kupunguza orodha.

Kwanza, una cha kuchagua kweli?

Kuna watu wanaumiza kichwa bure. Kama duka unalijenga juu ya WooCommerce, ile nyongeza ya duka ya WordPress, basi databesi ni MySQL au MariaDB, imeisha hiyo, WordPress ndo inavyotaka. PrestaShop vilevile. Magento nayo hivyohivyo, ila kuanzia toleo la 2.4 la mwaka 2020 inakulazimisha uwe na injini ya kutafuta pembeni, Elasticsearch au OpenSearch. Ukiwa Shopify ndo kabisa, databesi huioni hata kwa mbali, unalipa ada unauza.

Kwa walioko WooCommerce kuna kitu kimoja cha kuangalia leo hii. Zamani oda zilikuwa zinawekwa kwenye majedwali yaleyale ya posti za WordPress, yaani oda ya mteja na ukurasa wa "kuhusu sisi" viko jedwali moja, na taarifa za oda zimesambaa kwenye jedwali la pili kama vipande vipande, ndo maana duka likikua ukurasa wa oda unaanza kujivuta. Kuanzia toleo la 8.2 la mwaka 2023 duka jipya linapata majedwali ya oda ya peke yake, lakini la zamani halihami lenyewe, inabidi uingie kwenye mipangilio ya WooCommerce uhamishe mwenyewe. Jaribu kwanza kwenye nakala ya duka, maana kuna pulagini za zamani ambazo bado zinaenda kutafuta oda kulekule zilikokuwa.

Waliobaki, wanaoandika kodi (code, maelekezo ya programu) wenyewe au wana developa, tuendelee.

Gawa data yako mafungu mawili

Chukua karatasi andika kila kitu duka linachohifadhi. Bidhaa, bei, picha, wateja, anwani, vikapu, oda, malipo, stoki, kuponi, maoni ya wateja, historia ya walichotafuta, nani kafungua ukurasa gani. Afu mbele ya kila kimoja andika jibu la swali hili: kikipotea au kikikosewa, kuna mtu atanidai hela?

Oda, malipo, stoki, kuponi, salio la mteja, hivyo vyote jibu ni ndio. Kikapu cha mtu ambaye hajajisajili, hesabu ya waliotazama bidhaa, logi za kubofya, jibu ni hapana, utakereka tu. Fungu la kwanza ndo linaamua databesi kuu ya duka na kwa fungu hilo jibu ni databesi ya majedwali, hizi tunazoziita za SQL. Fungu la pili linaweza kukaa popote, na kwa duka linaloanza likae humohumo tu, usijitafutie kazi.

Najua kuna atakayesema SQL ni ya kizamani. Ni kweli Edgar Codd wa IBM aliandika wazo la majedwali mwaka 1970, ni mzee, lakini tatizo lenyewe la kuhesabu mali na kudaiana nalo ni la zamani na halijabadilika.

Bidhaa moja, wateja wawili

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe. Kodi ya watu wengi inafanya hivi: inasoma idadi kutoka stoki, inaona ni 1, inasema sawa ipo, inatengeneza oda, halafu inaandika idadi mpya ambayo ni 0. Ukijaribu peke yako kwenye kompyuta yako inafanya kazi vizuri kabisa. Siku ya ofa wateja wawili wanaingia pamoja, wote wawili wanasoma 1, wote wanaambiwa ipo, wote wanalipa, wote wanaandika 0, na stoki inaonekana safi kabisa haina hata hasi ya kukushtua, ila una oda mbili na bidhaa moja.

Dawa yake ni kuacha kusoma kwanza na kuandika baadaye, unaiambia databesi ifanye vyote kwa mkupuo mmoja:

UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1 WHERE id = 7 AND idadi >= 1;

Halafu kodi yako inaangalia mistari mingapi imebadilika. Ikiwa ni 1, umepata. Ikiwa ni 0, mwambie mteja pole imeisha. Hakuna katikati.

Usiniamini mi, jaribu. Fungua madirisha mawili ya PostgreSQL kwenye databesi moja ya majaribio, weka bidhaa yenye idadi 1. Dirisha la kwanza andika BEGIN; halafu hiyo UPDATE, usimalizie. Nenda dirisha la pili andika UPDATE ileile. Utaona halijibu, limeganda, linasubiri. Rudi la kwanza andika COMMIT; (yaani thibitisha). Na papo hapo la pili linafunguka na kukujibu UPDATE 0. Kwamba limesubiri, limerudi kuangalia idadi upya, limekuta sifuri, limekataa. MySQL yenye injini ya InnoDB nayo inafanya hivyo, majibu yake tu ndo yameandikwa tofauti kidogo. Hicho ulichokiona hapo ndo kitu unachokilipia ukichagua databesi ya aina hii, na ndo kitu cha kudai kwa databesi nyingine yoyote utakayoshawishiwa.

Sasa oda haina mstari mmoja. Kuna oda yenyewe, kuna bidhaa zilizomo ndani yake, kuna kupunguza stoki ya kila moja, kuna kuponi iliyotumika. Vyote hivyo vinaingia ndani ya transaksheni moja, kwa maana vyote vikubali au vyote vikatae, umeme ukikatika katikati ukiwasha tena usikute stoki imepungua na oda haipo. Kama mteja ana bidhaa 5 kwenye kikapu zipange kwa namba ya id kabla ya kuanza kuzipunguza, kwa sababu mteja A akianza na bidhaa 3 halafu 9, na mteja B akaanza na 9 halafu 3, kila mmoja atakuwa kashika anachokihitaji mwenzake na wanabaki wanasubiriana mpaka databesi imfukuze mmoja. Ukizipanga wote wanaanza na 3, anayechelewa anasubiri zamu yake, basi.

Na kitu kingine ambacho nakiona sana, watu wanafungua transaksheni, wanapunguza stoki, halafu humohumo ndani wanaenda kuita kampuni ya malipo na kusubiri jibu. Usifanye. Kampuni ya malipo ikichukua sekunde 30 kujibu, mstari wa bidhaa hiyo umefungwa sekunde 30 na kila anayeitaka bidhaa hiyo yuko foleni. Fanya hivi: transaksheni fupi ya kwanza inashikilia bidhaa kwa jina la oda, oda ina hali ya "inasubiri malipo" na muda wa mwisho, mfano dakika 15, unafunga transaksheni. Unaenda kulipisha. Jibu likija transaksheni fupi ya pili inageuza oda kuwa "imelipwa". Muda ukipita hajalipa, kazi ndogo inayojirudia kila dakika inazirudisha bidhaa stoki na kuifuta oda.

Afu taarifa za malipo huwa zinakuja mara mbili, hilo lizoee, kampuni ya malipo isipopata jibu lako kwa haraka inatuma tena. Usijaribu kulizuia kwa kodi ya "angalia kama ipo", utarudi kwenye tatizo lilelile la kusoma kwanza. Weka kizuizi cha UNIQUE kwenye kolamu ya namba ya muamala, mara ya pili databesi inakataa yenyewe, we unajibu "nimeshapokea" unaendelea na maisha.

Sasa ipi kati ya hizo za SQL

Ukiniuliza mimi, unaanza kuandika mwenyewe na huna sababu nyingine yoyote, weka PostgreSQL. Ilianzia chuo kikuu cha Berkeley mwaka 1986, ni ya bure, haina kampuni moja inayoimiliki, na ni kali kwenye mambo ya kukataa data mbovu. Ukiweka kizuizi cha CHECK kwamba idadi isiwe chini ya sifuri, haiwi. MySQL kwa miaka mingi ilikuwa inakubali uandike CHECK halafu inaipuuza kimyakimya, mpaka toleo 8.0.16 la mwaka 2019 ndo ikaanza kuitekeleza, sasa kama hostingi yako bado ina MySQL ya zamani jua ulinzi huo huna hata kama umeuandika.

Hiyo haina maana kwamba MySQL ni mbaya. Ipo tangu 1995, maduka makubwa sana yanaitumia, hostingi za bei nafuu karibu zote zinayo, na kama developa wako anaijua vizuri na PostgreSQL anaisoma kwenye mafunzo ya YouTube, basi chagua MySQL bila aibu, ujuzi wa mtu ni kitu kizito kuliko tofauti za hizi mbili. Angalia mambo mawili tu. Majedwali yawe ya InnoDB, sio MyISAM, maana MyISAM haijui transaksheni kabisa, yote niliyosema hapo juu hayapo. Na herufi ziwe utf8mb4, kwa sababu ile wanayoiita utf8 tu kwenye MySQL ina baiti 3 badala ya 4 na mteja akiandika maoni yenye emoji yanagoma au yanakatika. MariaDB ni tawi lililochipuka kutoka MySQL mwaka 2009 baada ya habari za Oracle kuinunua kampuni mama, kwa duka la kawaida utaziona kama ndugu, ila usizichanganye kwamba leo hii kesho ile, zimeshaachana kwenye vitu vingi vya ndani.

SQLite watu wanaidharau bila sababu. Ni faili moja, haina seva, haina nywila za kusimamia, na transaksheni zake ni za kweli kabisa. Kizuizi chake ni kwamba anayeandika ni mmoja kwa wakati, wengine wanasubiri. Ukiwasha ile hali ya WAL wanaosoma hawamsubiri anayeandika, na kwa duka dogo lililoko kwenye seva moja linaweza kukutosha kwa muda mrefu. Siku utakapohitaji seva ya pili ndo mwisho wake, na usije ukajaribu kuiweka hiyo faili kwenye folda ya mtandao ili seva mbili ziisome, inaweza kuharibika.

Tufanye hesabu kidogo maana watu wanaogopa sana ukubwa. Oda 1,000 kwa siku ni duka linalokwenda vizuri, si ndio? Siku ina dakika 1,440. Ni chini ya oda moja kwa dakika. Kwa mwaka ni oda 365,000, kila oda ikiwa na bidhaa 3 ni mistari milioni moja na kidogo, na jedwali la mistari milioni moja lenye indeksi nzuri (orodha ya kutafutia mistari haraka) PostgreSQL hata haitoi jasho kwenye seva ndogo. Kwa hiyo anayekwambia SQL haitaweza kubeba duka lako mwombe akuonyeshe hizo oda.

Bidhaa hazifanani, hapo ndo watu wanakimbilia MongoDB

Kiatu kina saizi na rangi, simu ina RAM na betri, kitambaa kina upana na aina ya uzi. Ukitengeneza kolamu kwa kila sifa utakuwa na jedwali la kolamu 200 ambazo nyingi ni tupu. Ukifanya kama Magento, kila sifa ni mstari kwenye jedwali la sifa, utakuwa unaunganisha majedwali manane ili uonyeshe kiatu kimoja. Hapo mtu anasema bora MongoDB, kila bidhaa ni dokumenti inajitegemea, weka unachotaka.

Hoja ni ya kweli ila dawa ipo karibu zaidi. PostgreSQL tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014 ina aina ya kolamu inaitwa JSONB, humo unaweka sifa za bidhaa vyovyote zilivyo na unaweza kuziwekea indeksi ya GIN ili mteja akichuja "RAM 8" majibu yaje haraka. MySQL nayo ina JSON tangu 5.7. Sheria ninayoipenda: chochote unachokihesabu, unachokidai au unachokiunganisha kiwe kolamu halisi, yaani bei, idadi, namba ya bidhaa, kundi lake, kinauzwa au kimesimamishwa. Vingine vyote vya maelezo vikae kwenye JSONB. Mtu akianza kuweka bei ndani ya JSON mkataze mapema, kwa sababu siku moja bei itakuwa namba, siku nyingine itakuwa maandishi, siku nyingine itaandikwa "bei" na "Bei" na ripoti yako ya mauzo itaruka mistari bila kukwambia.

Kuna duka ambalo MongoDB inalifaa? Lipo. Kama una katalogi kubwa inayoletwa na wauzaji wengi kila mmoja na muundo wake, na sehemu kubwa ya kazi ni kuonyesha sio kuhesabu, inakaa vizuri. Transaksheni za dokumenti nyingi inazo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018, ila zinataka uwe umeiwasha kama kundi la riplika (seva zinazoshika nakala za data ileile), ukiwa na seva moja ya kawaida zinakataa. Na dokumenti moja mwisho wake ni megabaiti 16, kwa hiyo usimweke mteja na oda zake zote za maisha ndani ya dokumenti moja kama mifano mingi ya kuanzia inavyofundisha. Kinachoumiza zaidi kuliko hivyo vyote ni ripoti, bosi anapouliza bidhaa gani zimeuzwa na wateja wa mara ya kwanza wenye kuponi mwezi uliopita, kwenye SQL ni mistari kumi, kwenye dokumenti ni alasiri nzima.

Hizi za pembeni, zinakuja kwa zamu yake

Redis ni ya kwanza ambayo pengine utaihitaji. Inaweka vitu kwenye kumbukumbu ya RAM, kwa hiyo ni haraka mno, inafaa kwa seshen za wateja (nani kaingia), kashe (nakala ya muda) ya ukurasa wa mbele, kuzuia mtu anayejaribu nywila mara elfu, na hata kikapu. Kwa oda hapana. Hata ukiwasha ile hali yake ya kuandika kila badiliko diskini, kwa mpangilio wa kawaida inaandika kila sekunde moja, kwa hiyo seva ikizima ghafla sekunde ya mwisho inaweza kwenda nayo, na sekunde moja ya malipo ni ugomvi. Mwaka 2024 walibadilisha leseni na watu wakatoa tawi la bure linaloitwa Valkey, kwa matumizi ya duka yoyote kati ya hizo mbili itakufanyia kazi.

Kwenye kikapu kuna kisa kizuri cha Amazon wenyewe. Mwaka 2007 walitoa andiko la mfumo wao ulioitwa Dynamo, na kikapu ndo mfano mkubwa waliouelezea humo. Uamuzi wao ulikuwa kwamba mteja akiongeza kitu kwenye kikapu asikataliwe kamwe, hata seva zikiwa hazisikilizani, halafu baadaye nakala za kikapu zinaunganishwa. Gharama yake ni kwamba kitu ulichokitoa kinaweza kurudi. Kwa kikapu hiyo ni bei nafuu, mteja akikuta soksi alizozitoa zimerudi anazitoa tena anaendelea. Sasa chukua tabia hiyohiyo uipeleke kwenye stoki au kwenye malipo uone balaa lake. Ndo maana nasema ukisikia "Amazon wanatumia" uliza wanatumia kwa kitu gani.

Kutafuta ni sehemu nyingine inayodanganya. Mwanzoni kila mtu anaandika LIKE '%kiatu%' na inafanya kazi, bidhaa zikiwa nyingi inakuwa nzito kwa sababu ile asilimia ya mbele inaifanya indeksi ya kawaida isitumike, databesi inasoma kila mstari. Kabla hujakimbilia Elasticsearch washa nyongeza ya pg_trgm kwenye PostgreSQL, inakata maneno vipande vya herufi tatu tatu, kwa hiyo hata mteja akikosea herufi moja bidhaa inaonekana. Kwa bidhaa elfu kadhaa mpaka makumi elfu hiyo inatosha kabisa. Ukishahitaji vichujio vingi vyenye hesabu pembeni, maneno yenye maana moja, na kupanga matokeo kwa akili zaidi, hapo lete injini ya kutafuta, Elasticsearch, OpenSearch, au ndogo zaidi kama Meilisearch na Typesense. Ila iwe nakala siku zote. Bidhaa inaandikwa kwenye databesi kuu kwanza halafu ndo inapelekwa kule, na lazima uwe na amri ya kuijenga upya yote kutoka mwanzo, kwa sababu kuna siku zitapishana. Na bei inayoonekana kwenye matokeo ya kutafuta isije ikatumika kulipisha, ukifika kwenye kulipia soma bei kutoka databesi kuu.

Ripoti nzito za mwaka mzima usiziendeshe kwenye databesi inayouza saa ya watu wengi. Weka riplika ya kusoma, zipeleke huko. Angalia tu kwamba riplika huwa nyuma kidogo, mara sehemu ya sekunde mara zaidi, kwa hiyo ukurasa wa "asante kwa oda yako" usome kutoka kwenye ile kuu, la sivyo mteja amelipa anaambiwa oda haipo na dakika mbili baadaye anakupigia. Databesi za kolamu kama ClickHouse ni za baadaye sana, ukiwa na mamilioni ya matukio ya kubofya. Za grafu kama Neo4j kwa ajili ya "waliokinunua hiki walinunua na kile" ziache, hiyo unaipata kwa kuunganisha jedwali la bidhaa za oda na lenyewe.

Vitu vya kuweka sawa siku ya kwanza

Pesa usiihifadhi kama FLOAT. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za aina hiyo inapata 0.30000000000000004, na kwenye oda elfu kumi hizo punje zinakuja kuonekana kwenye mahesabu. Tumia NUMERIC au DECIMAL, au namba nzima ya kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Na kwenye kila mstari wa bidhaa ndani ya oda nakili bei ya siku hiyo na jina la bidhaa la siku hiyo, usitegemee kwenda kuzisoma kwenye jedwali la bidhaa, la sivyo ukipandisha bei leo risiti za mwaka jana nazo zinapanda. Namba za kadi za benki usihifadhi kabisa, acha kampuni ya malipo ikae nazo, we hifadhi tokeni (namba mbadala) wanayokupa.

Indeksi weka kwenye kolamu unazotafutia, mteja wa oda, hali ya oda, tarehe, kundi la bidhaa. PostgreSQL haikuwekei indeksi kwenye kolamu inayoelekeza jedwali lingine, wengi wanadhani inaweka. Kwiri (swali unaloiuliza databesi) ikiwa nzito iandikie EXPLAIN ANALYZE mbele uone inapita wapi, kwenye PostgreSQL ukikuta Seq Scan (kusoma jedwali lote mstari kwa mstari) juu ya jedwali kubwa na unatafuta mstari mmoja, umeshamkuta mhalifu. Tahadhari tu, hiyo amri inaiendesha kwiri kweli, kwa hiyo usiibandike mbele ya DELETE kwa kujaribu.

Databesi na programu vikae karibu. Ukurasa ukiuliza databesi mara 20 na kila safari ni milisekunde 50, umeshapoteza sekunde nzima kabla ya kitu chochote, hakuna aina ya databesi itakayokuokoa hapo. Na kama programu yako inafungua konekisheni mpya kwa kila ombi kumbuka PostgreSQL kwa kawaida inaanza na ukomo wa 100, siku ya ofa zitajaa, weka PgBouncer katikati, inayogawana konekisheni chache kwa maombi mengi. Kama huna mtu wa kuamka usiku kuangalia seva, lipia databesi inayosimamiwa na mtoa huduma, ni ghali kidogo lakini kubandika marekebisho na kuweka bakapu kunakuwa sio kazi yako.

Ukiamua kuisimamia mwenyewe, mlango (port) wa databesi usiuache wazi kwa dunia, 5432 ya PostgreSQL, 3306 ya MySQL, 27017 ya MongoDB, 6379 ya Redis, zote ziwe nyuma ya ukuta wa moto na seva ya programu peke yake ndo iruhusiwe. Januari 2017 maelfu kwa maelfu ya databesi za MongoDB zilizoachwa wazi bila nywila zilifutwa na wahalifu wakaacha ujumbe wa kudai malipo, na hakukuwa na ujanja mkubwa wowote, walikuta mlango uko wazi wakaingia.

Bakapu iwe ya kila siku na ikae nje ya seva hiyohiyo, pg_dump au mysqldump zinatosha kwa kuanzia. Afu mara moja kwa mwezi ichukue bakapu ya jana, irudishe kwenye databesi tupu, hesabu oda zilizomo ulinganishe na za dukani, na andika imechukua dakika ngapi kurudi, kwa sababu hizo ndo dakika ambazo duka litafungwa siku utakapoihitaji kweli.